Maneno magumu unayajua, vimaneno vidogo ndo vinakutoa jasho

Chukua sentensi hii ya Kiingereza: "She was put out." Maneno manne tu, na yote manne mtu anayasoma mwanzoni kabisa, kabla hata hajajua kuuliza njia. Sasa mpe mtu anayeweza kukuelezea "photosynthesis" bila kigugumizi, afu muulize huyo dada kafanywa nini. Atakwambia katolewa nje. Mwingine atasema kazimwa, maana "put out" yeye anaijua kwenye moto. Na hakuna wa kumcheka hapo, wamejibu kwa akili kabisa, ila wote wawili wamekosa.

Hapo ndo huwa yanaanza malalamiko kwamba Kiingereza lugha ya ovyo, neno moja maana mia, hakina mpango. Na malalamiko hayo huja na ushauri wake: achana na hivyo vimaneno na nahau zake, beba maneno makubwa yanayojitegemea, sema "tolerate" (kuvumilia) badala ya "put up with", sema "postpone" (kuahirisha) badala ya "put off", neno moja maana moja, kazi imeisha. Ushauri wenyewe una mantiki, nitaurudia huko mbele. Ila mi naona watu wanavisingizia hivi vimaneno vidogo.

Kwanza tuone ukubwa wa tatizo maana ni mkubwa kweli. Wachapaji wa kamusi kubwa ya Oxford walipotoa toleo la pili mwaka 1989, neno lililokula kurasa nyingi kuliko yote lilikuwa "set", kitenzi chake peke yake kina maana kama 430. Baadaye walipoanza kuipitia upya kamusi nzima wakafika kwenye "run", na mhariri aliyekabidhiwa, Peter Gilliver, alikaa na hilo neno moja miezi kama tisa, akatoka na maana 645. Miezi tisa! Watu wanalea mimba hapo. Neno la herufi tatu.

Ukiisoma hiyo 645 haraka haraka unaona fujo. Lakini mwaka 1945 Mmarekani mmoja, George Zipf, alishaonyesha kwamba kadiri neno linavyotumika sana ndivyo linavyobeba maana nyingi, na wengine baadaye wakaliona hilo hata nje ya Kiingereza. Yaani neno linalokaa mdomoni kila saa ndo linalonyooshwa kufika kwenye mambo mapya, kwa sababu kuvuta neno la zamani ni rahisi kuliko kuunda jipya. Sisi wenyewe tunafanya hivyo asubuhi mpaka jioni. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga kura, tunapiga mswaki, tunapiga magoti, tunapiga chafya, tunapiga marufuku, na hakuna aliyewahi kuuliza simu imekosa nini mpaka ipigwe. Mgeni anayejifunza Kiswahili anakaa pale na kamusi yake anaona kitu kinachotakiwa kupigwa ni mtu au ngoma, basi. Kwetu haisumbui kwa sababu hatukuijifunza "piga" peke yake, tuliipokea ikiwa na wenzake.

Angalia "go off" kwa karibu. Alamu ikilia, wanasema "went off". Taa zikizimika, "went off". Maziwa yakichacha, "went off". Unaona kama mtu anakutania, maana kitu kimoja kimewaka na kingine kimezima na wametumia maneno yaleyale! Ila tulia na hiyo "off" uione ni kutoka pale kitu kilipokuwa kimekaa: alamu imetoka kwenye ukimya wake, taa zimetoka kwenye kuwaka, maziwa yametoka kwenye uzima. Uzi upo. Nakubali lakini, huo uzi unauona ukishajua maana, hakuna mtu angeikisia kabla, na walimu wanaodai kila kitu kina mantiki ukitafakari wanawaonea wanafunzi.

Au "up". Kwa nini "eat up", "use up", wakati hakuna kinachopanda juu? Hiyo "up" inasema jambo limefika mwisho wake, hakijabaki kitu. Sasa si ndo ile kazi ya "mbali" yetu? Kutupa na kutupilia mbali ni vitu viwili, na ukimwambia mtu apotelee mbali hujampimia kilomita. Wao wamechukua juu, sisi tumechukua mbali.

Ila namba ninayoipenda kwenye habari hii yote ni 850. Mwaka 1930 Mwingereza C. K. Ogden alitoa Kiingereza chake kilichopunguzwa, Basic English, maneno 850 tu, kwamba dunia nzima itakisoma chapuchapu na kuelewana. Vitenzi akabakiza 18. Kumi na nane! "Get", "put", "take", "give", "go" na ndugu zao, vingine vyote akafukuza. Na lugha haikufa, ikaendelea kutembea, maana ukishakuwa na "put" na "up" na "off" na "out" unaweza kusema karibu kila kitu. Hapo ndo unaona nani anabeba mzigo kwenye hiyo lugha. Lakini wapinzani wake wakamshika palepale: wewe umehesabu maneno, hujahesabu maana. Mwanafunzi umemuahidi 850, akifungua mzigo anakuta maelfu yamekunjwa ndani, na kila "put" inabadilika kutegemea imekaa na nani. Mi naona pande zote mbili zilikuwa sahihi, na ndo maana naipenda hiyo namba.

Sasa upande wa pili, maana una hoja nzito. Kiingereza leo kinazungumzwa sana na watu ambao wote si lugha yao, na nahau kati ya wageni wawili ni mtego. Hata wenyewe wanategana. Churchill, waziri mkuu wa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ambaye mwaka 1943 aliisifia hiyo Basic English hadharani pale chuo cha Harvard, aliandika kwamba wakati wa vita hivyo maofisa wa Uingereza na Marekani walibishana vikali juu ya neno "table". Waingereza walitaka hoja iwe "tabled", yaani iletwe mezani ijadiliwe sasa hivi, na kwa Wamarekani kitendo hichohicho maana yake iwekwe pembeni. Walikuwa wanataka kitu kimoja.

Na kuna ajali ya ndege ya Tenerife, kisiwa cha Hispania. Tarehe 27 Machi 1977, ukungu mzito, rubani msaidizi wa KLM, shirika la ndege la Uholanzi, akasema redioni "we are now at takeoff". Ndege ilikuwa tayari inakimbia. Muongozaji wa ndege kule mnarani akaelewa iko pale inapoanzia kuruka, inasubiri. Boeing 747 mbili zikagongana, watu 583 wakafa. Sababu zilikuwa nyingi, redio nazo ziliingiliana, ila baada ya hapo taratibu zilibadilishwa, neno "take-off" likabaki kwa ajili ya kutoa au kufuta ruhusa ya kuruka tu, kwingine wanasema "departure".

Watu wa "kwepa nahau" huona hapo wameshinda, na kwenye mnara wa ndege nipo nao kabisa. Ila tazama kilichoponza. Hakuna nahau pale, kuna "at". Herufi mbili, hakuna orodha ya maneno magumu inayoiweka! Utaikwepaje?

Na huo ushauri wa "tolerate" una siri moja: unamfaa zaidi mwenye Kifaransa au Kihispania, maana neno hilo lina asili ya Kilatini, analipokea kama binamu yake. Mswahili hana binamu pale, kwake "tolerate" na "put up with" vyote ni vigeni, tofauti ni kwamba cha pili ndo atakachosikia watu wakiongea.

Ajabu ni kwamba wanaofundisha nahau nao huenda kwenye zile za mapambo, ndoo inapigwa teke ("kick the bucket", yaani kufa), mvua ya paka na mbwa (mvua kubwa), vitu ambavyo unaweza kukaa mwaka mzima hujamsikia mtu akivisema. Wakati huo "end up", "turn out" na "get over" zinapita masikioni kila siku na hakuna anayezisimamisha.

Yule dada wa mwanzo? Alikwazika tu kidogo. Hakuna aliyemtoa nje.