Sijaliwa na Mmea, Jamani

Kabla hamjaendelea kunitumia pole: mmea haukunila. Rafiki yangu aliyerusha ile video ameikata mwanzo na mwisho, akabakiza tu pale ninapopiga yowe huku gudulia la mmea wangu limenivaa puani. Ngojeni niwape habari kamili, nywele bado zinanuka.

Mnaujua ule Nepenthes wangu unaoning'inia dirishani, mmea unaonasa wadudu kwa magudulia yenye maji yanayoota kwenye ncha za majani yake. Ndio huo huo niliouhubiri wiki iliyopita: sfagnamu (kuvumwani) na perlaiti (vijiwe vyeupe vyepesi) nusu kwa nusu, maji ya mvua au yaliyokenekwa tu, mbolea kwenye mizizi marufuku, chakula ni mdudu mmoja mdogo kwa kila gudulia. Nikamalizia kwa herufi kubwa: MSIWEKE NYAMA.

Niliweka nyama.

Kipande chenyewe kama dole gumba. Gudulia jipya lilikuwa limefunguka, refu kama kiganja changu, nikaona kulilisha sisimizi ni kulidharau. Sasa sikieni: vimeng'enya vya mmea, yaani vile vitu vinavyoyeyusha chakula, vinafanya kazi polepole, bakteria hawangoji mtu. Mdudu mdogo anawahi kuyeyushwa kabla hajaoza, linabaki ganda. Pande la nyama linaoza kabla halijameng'enywa, maji yanakuwa rangi ya chai, gudulia linaanza kukauka. Siku ya nne nyumba ikanuka. Nikasingizia panya aliyekufa, tukasogeza kabati zima kumtafuta. (Mliosukuma, nisameheni. Mmejua leo pamoja na wengine.)

Siku ya sita wakaja wageni, na mtoto mmoja wa maswali.

"Mjomba, humo ndani mna nini?"

Mtu mwenye akili angejibu "maji". Mimi nikachuchumaa chini ya mmea, niwe kimo kimoja na mwanafunzi wangu, nikaanza somo. Huu ukingo ukilowa unateleza kama sabuni, mdudu anaserereka. Ndani kuna nta, hapandi tena. Nikashika gudulia kwa vidole viwili nikaliinamisha aone. Kidogo tu.

Kwanza kifuniko kikanigusa kipaji. Kisha nikayaona maji yanakuja ukingoni, kahawia, taratibu, kama yanayofikiria. Mguu wa mende ukatangulia, ukatua kwenye nyusi. Nikauangalia. Maji yakafuata, shavu hadi shingoni. Halafu kimya, nikadhani yameisha. Ndipo nyama ikachomoka, pwaa, ikakaa juu ya mdomo kama masharubu. Na mdomo ulikuwa wazi, kwa sababu nilikuwa katikati ya neno "vimeng'enya".

Nikaruka, kikono kinachoshikilia gudulia kwenye jani kikakatika, gudulia likaja na pua yangu.

"Mama," mtoto akasema kwa utulivu kabisa, "mjomba ameliwa."

Basi. Nimeoga mara tatu, ngozi iko salama, wageni hawakumaliza chai. Gudulia nimelitupa. Jani lake nimeliacha, maana likiwa kijani bado linautengenezea mmea chakula, ila halitatoa gudulia lingine. Jani moja gudulia moja, kwa hiyo nasubiri jani jipya.

Leo asubuhi mtoto kanipigia simu. Hakuuliza hali yangu. Ameuliza kama mmea umeshiba.