Wanaonitia Moyo Wamenijazia Kikasha

Mimi ni mtu wa kuchapa barua na kutoa kopi, wala sikuwahi kutamani utaalamu. Nimehamia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, kwa sababu ya flashi za wateja, ambazo huingia dukani zikiwa na CV moja na virusi vya ukoo mzima, kisha mafaili yakigoma kufunguka mwenye flashi hunitazama kana kwamba nimemwambukiza mimi. Mpwa wangu aliye chuoni alikuja Jumapili akanisimikia Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux. Akanieleza kwamba jina hilo ni la Kizulu na Kixhosa, maana yake utu, na kwamba Linux yenyewe ilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akiwa na miaka 21. Mimi nina 54. Sikuona habari hiyo inanisaidiaje.

Jumatatu nikataka kuweka programu ya printa kupitia lile dirisha la kuandikia amri, nalo likadai nywila. Nikaandika, lakini haikutokea herufi wala vile vidoti vya kawaida. Kijimstari kilisimama palepale kikipepesa kama karani anayengoja nimalize ujinga wangu. Nikaipuliza kibodi, nikaipindua yakadondoka makombo ya maandazi, na ilipofika saa sita nikatoa shilingi 15,000 nikanunua mpya, nayo ikawa vilevile. Kwamba ile ya zamani ilikuwa imeandika barua ya mteja dakika tano kabla, hilo sikulitilia maanani, kwa kuwa mwenye hasira haulizi ushahidi.

Nikamwandikia mpwa wangu, naye kwa kuwa alikuwa kwenye mitihani akawapa wenzake anwani yangu ya barua pepe ili wanitie moyo. Walinitia! Kufikia Jumatano nilikuwa na barua 63 za kunihimiza nisikate tamaa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nimekwama wapi. Mmoja alinishauri nihamie Debian, wa pili akataka Mint, wa tatu akasema hao wananipoteza, niende Fedora, zote zikiwa Linux za aina nyingine. Wawili walikesha wakibishana kupitia kwangu kama jina sahihi ni Linux au GNU/Linux, ilhali mwalimu mmoja alikuwa amesimama kaunta akisubiri nakala 120 za mtihani alioutuma kwa barua pepe, nami nikiutafuta chini ya lundo la hamasa. Mwingine aliniambia nisome mwongozo kwa kuandika man na jina la amri. Nikazama katika kurasa za Kiingereza ambazo sikujua hata mlango wa kutokea, mpaka nilipobahatisha herufi q.

Ndipo nikatengeneza kichujio: barua yoyote yenye neno "rahisi" iende moja kwa moja kwenye takataka. Nikapata amani, na wateja wangu wakaonekana tena.

Jana, nikiitafuta fomu ya mteja iliyopotea, nikafungua takataka. Palikuwa na barua ya mpwa wangu ya Alhamisi, aliyoiandika alipotoka tu kwenye mtihani: "Shikamoo mjomba. Ni rahisi tu. Pale nywila huwa haionekani, watu wasije wakakuchungulia. Iandike hivyohivyo, kisha ubonyeze enta."

Kibodi ya zamani nilikwisha kumpa kijana wa kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, ambaye kila nikipita hunishukuru na kunihakikishia kwamba haina kasoro hata moja.