Tuache kuziita nyota zilizoshindwa

Kila nikisoma habari za vibete vya kahawia, magimba ya angani yaliyo kati ya sayari na nyota, nakutana na maneno yale yale: "nyota zilizoshindwa." Siyapendi. Yanamfanya msomaji afunge ukurasa kabla habari yenyewe haijaanza.

Ni kweli kwamba kibete cha kahawia hakina uzito wa kutosha kuunguza haidrojeni kama Jua. Kina uzito wa mara 13 hadi 80 hivi ya ule wa sayari ya Mshtarii, na maisha yake ni kupoa tu. Lakini kikiwa kichanga huzungukwa na sahani ya gesi na vumbi, sawa na ile iliyoizaa Dunia yetu. Vumbi hilo hupata joto na kung'aa kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, zaidi ya ambavyo kibete peke yake kingeweza. Ziada hiyo ndiyo inayoifichua sahani.

Mwaka 2012, mwanaastronomia Luca Ricci na wenzake walikilenga kibete kiitwacho Rho-Oph 102, chenye uzito wa Mshtarii 60 hivi, kwa ALMA, darubini ya antena nyingi za redio huko Chile, mita 5,000 juu ya usawa wa bahari. Wakati huo antena zake 66 zilikuwa bado hazijakamilika. Walipima mawimbi ya urefu mbalimbali. Vumbi laini kama moshi hufifia upesi kadiri mawimbi yanavyorefuka. Hili halikufifia hivyo. Chembe zake zilikuwa zimefikia milimita moja, pengine zaidi.

Weka punje ya ulezi kiganjani uitazame. Ni kama hivyo. Nadharia zilikuwa zimesema haiwezekani: sahani ina vumbi haba, chembe zinakwenda kasi mno, zikigongana hazitashikana. Zimeshikana!

Kwa hiyo wanaoona saa za darubini zinapotea kwa vitu hafifu namna hii, sikubaliani nao hata kidogo. Nyota TRAPPIST-1 imeuvuka kidogo tu mpaka wa vibete, nayo ina sayari 7. Chini ya mpaka huo je? Jibu litatoka kwenye sahani hizi, si kwingine.

Jioni ya Julai, kundinyota la Nge likiwa juu kabisa, tafuta ile nyota nyekundu kifuani mwa Nge. Nyoosha mkono, pima vidole viwili kuelekea kaskazini. Macho hayataona kitu, lakini ulezi ule uko hapo, umbali wa miaka ya nuru 400 hivi.