Msimwambie Mtoto "Ni Maigizo Tu"

Juma lililopita tulikuwa tumeketi mbele ya televisheni, na binti wa ndugu yangu, mwenye umri wa miaka minane, akaangua kilio baada ya mhusika anayempenda kufariki. Mkubwa mmoja akamwamuru afute machozi. "Hayo ni maigizo tu," alisema. Neno hilo "tu" limenikaa rohoni hadi leo, kwa sababu mimi maana ya kufiwa nilifunzwa na kipindi cha televisheni kabla sijaambiwa na mtu yeyote wa nyumbani.

Bibi yangu alipofariki nilikuwa na umri kama wa binti huyo, nikaambiwa kwamba amesafiri. Walionieleza hivyo walinipenda, nami nikawaamini. Miwani yake ilibaki dirishani, na kila vumbi lilipoikalia niliipangusa kwa pindo la shati langu ili aikute safi.

Kisha nikatazama sehemu moja ya Sesame Street, kipindi cha watoto kilichoanza kurushwa Marekani mwaka 1969. Will Lee, aliyeigiza kama mwenye duka, Bwana Hooper, alikuwa amefariki Desemba 1982. Watayarishaji wangeweza kumtafuta mwigizaji mwingine, au kusema kwamba mzee amehama, lakini waliamua kuwaambia watoto ukweli, na sehemu hiyo ikaonyeshwa Novemba 1983. Big Bird, yule ndege mrefu wa manjano mwenye mawazo ya mtoto mdogo, anawagawia wakubwa picha alizowachora, kila mmoja na yake, hadi inabaki moja. Anauliza Bwana Hooper yuko wapi. Wanamkumbusha kwamba amekufa. Anajibu kwamba amekumbuka, basi atampa picha yake akirudi.

Akirudi! Nilikuwa nikilisema neno hilo hilo kila nilipoishika ile miwani. Wakubwa wale, ambao walikuwa wamempoteza mwenzao wa kweli na machozi yao hayakuwa ya kuigiza, wakamweleza kwa upole kwamba mtu akifa harudi. Nilinyanyuka, nikaichukua miwani dirishani, nikampelekea mama na kumwambia, "Bibi hatarudi." Mama aliketi sakafuni kando yangu, na hapo ndipo tulipomlilia bibi pamoja kwa mara ya kwanza.

Naamini kwamba maneno yale yasingeniingia kama yangetoka kwa mgeni. Yaliniingia kwa sababu watu wale nilikuwa nikiwaona siku baada ya siku, nikiijua sauti ya kila mmoja na namna anavyocheka, kiasi kwamba walipohuzunika niliona kuwa huzuni hiyo inanihusu. Watafiti Donald Horton na Richard Wohl waliuandika ukaribu wa namna hiyo tangu mwaka 1956, wakati televisheni yenyewe ilikuwa bado changa. Mae Jemison naye, mwanamke wa kwanza mweusi kwenda anga za juu, mwaka 1992, amesema mara nyingi kwamba mhusika Uhura wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga za juu, alimtia moyo tangu utotoni.

Nakubali kwamba vipindi vingi ni vya kupoteza wakati, na kwamba mtoto asiachiwe televisheni imlee. Hilo halimpi mtu mzima ruhusa ya kuyadharau machozi ya mtoto. Mtoto anayemlilia mhusika anajua vyema kwamba yule ni mwigizaji. Anachokijaribu ni huzuni yenyewe, mahali ambapo haijamgusa mtu wa nyumbani kwake, na anahitaji mkubwa wa kuketi naye wakati huo.

Sikubishana na yule jamaa mbele ya mtoto. Nilimpakata binti yule, nikamwuliza ni jambo gani alilipenda zaidi kwa marehemu wake, naye akanisimulia kwa sauti ya kwikwi hadi majina ya waigizaji yalipokwisha kupita kwenye skrini.