Maji na Miezi ya Kusi Tanga

Pendekezo la kutowakatia maji wenye kipato duni katika miezi ya kusi huchukuliwa haraka kuwa ni ombi la maji ya bure, na hapo ndipo linapopotoshwa. Mvuvi wa ngalawa wa Sahare au Deep Sea anajua kwamba upepo wa kusi ukivuma bahari huchafuka, siku za kutoka hupungua, na pamoja nazo hupungua fedha za mama anayekaanga samaki na kijana anayewachuuza kwa baiskeli. Ankara ya maji haijui msimu.

Wanaotetea ukataji hawakosi hoja. Umeme wa pampu na dawa za kusafisha maji ya Mto Zigi hulipiwa na wateja, na hatifungani ya kijani ya mamlaka ya maji ya Tanga, yaani mkopo wa shilingi bilioni 53.12 kwa miradi inayojali mazingira, iliyotolewa mwaka 2024, ina wawekezaji wanaongoja riba yao.

Lakini tutazame kinachofuata mita ikifungwa. Kaya haiachi kutumia maji. Hununua kwa dumu. Uniti moja ni lita 1,000, yaani madumu 50 ya lita 20, na dumu likiuzwa shilingi 100 uniti hiyo imefika shilingi 5,000. Aliyeshindwa kulipia maji ya bomba analazimika kununua ya bei kubwa zaidi, na fedha ambayo ingepunguza deni inaishia kwenye madumu, huku gharama ya kurudishiwa huduma ikimsubiri. Katika nyumba za kupanga zenye mita moja mambo huwa mazito zaidi, kwa kuwa waliotoa mchango wao mapema hukatiwa pamoja na aliyechelewa. Kwangu mimi, hilo halina utetezi.

Ufaransa haikati umeme wala gesi ya majumbani kwa sababu ya deni kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Kwao sababu ni baridi; kwetu ni kipato, na deni lenyewe halifutwi.

Ugumu wa kweli ni kumtambua anayestahili. Orodha ya kaya maskini ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, ingesaidia, ila mvuvi mwenye ngalawa yake huenda hayumo. Naona afadhali kipimo kiwe matumizi, kama bei za umeme zinavyowaweka katika kundi lao wateja wasiozidi uniti 75 kwa mwezi: kaya yenye matumizi madogo isikatiwe kuanzia Juni hadi Septemba, na deni lote ligawanywe katika ankara za Novemba hadi Machi, wakati wa kaskazi. Nyumba ya wapangaji, kwa hesabu hiyo, ipimwe kwa idadi ya kaya zilizomo, si kwa mita yake moja.