Kabla ya kugusa pensheni, anzeni na mafaili

Bajeti ikibana, wimbo ni uleule: wazee wanaongezeka, watoto wanaozaliwa wanapungua, basi mafao yakatwe. Hesabu ya umri siibishii. Ninachobisha ni mkasi kuanzia kwa mstaafu.

Mjane anafika dirishani kufuatilia mafao ya mumewe. Anaombwa cheti cha kifo. Kilitolewa na serikali hiyohiyo, pengine ghorofa ya pili ya jengo hilohilo, lakini alete nakala yenye mhuri. Akirudi nayo, fomu imeshabadilika. Njoo Jumatatu. Kuna watu wanalipwa mshahara kuhakiki jambo ambalo serikali inalijua tayari, na gharama hiyo hakuna anayeiita mzigo wa ustawi wa jamii.

Estonia waliliona hili mapema. Mwaka 2001 walizindua X-Road, mfumo unaoziwezesha idara kusomeana kumbukumbu, na sheria yao inakataza ofisi kuanzisha hifadhidata ya kukusanya taarifa ambazo nyingine inazo. Anayehangaika kutafuta cheti ni ofisi, mjane amekaa kwake. Denmark nao mwaka 2007 waliunganisha manispaa 271 zikabaki 98. Kuunganisha si kubaya, ila fomu zikibaki zilezile umebadilisha vibao vya milangoni tu.

Na kama lazima kukata, watu waijue kanuni mapema. Sweden, baada ya kuyumba mwanzoni mwa miaka ya 1990, walijenga pensheni yenye breki yake: madeni yakizidi michango na akiba, nyongeza inapungua yenyewe. Mwaka 2010 breki ilikamata kweli. Iliuma, lakini haikuwa ya kuviziana.

Hofu yangu ni wale wanaosikia "mageuzi" wakakimbilia kompyuta ya kukamata wadanganyifu. Uholanzi walifanya hivyo kwenye posho za malezi ya watoto. Sahihi ikikosekana au kosa dogo likijitokeza kwenye fomu, mzazi alidaiwa arudishe posho yote, wengine makumi ya maelfu ya euro, na wenye uraia wa nchi mbili walimulikwa zaidi. Mzazi akipiga simu kuuliza kosa lake, hapati jibu. Januari 2021 serikali ya Mark Rutte ilijiuzulu kwa sakata hilo, na kila mzazi aliyedhulumiwa akaahidiwa fidia isiyopungua euro 30,000.