Virusi vikiubadili utando wa bakteria, nani anafaidika?

Watetezi wa tiba ya faji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria na kumwacha binadamu, wana hoja moja inayovutia kweli. Faji haiingii popote tu. Lazima kwanza ishike kitu mahususi juu ya utando wa nje wa bakteria. Faji iitwayo U136B hushika TolC ya bakteria E. coli, protini iliyo sehemu ya pampu ya kutolea dawa nje ya seli. Wenye TolC nzima wanakufa. Wanaosalia ni wale ambao jeni ya protini hiyo imeharibika, na hao antibiotiki tetrasaiklini inawaweza tena.

Ingekuwa hivyo siku zote, mjadala ungeisha. Lakini utafiti wa Alita Burmeister, Paul Turner na wenzao, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba faji hiyo inahitaji pia lipopolisakaridi, zile molekuli za mafuta na sukari zinazoufunika utando. Bakteria wengine waliponea hapo: wakabadili sukari, pampu wakabaki nayo. Baadhi yao ikawa kolistini, antibiotiki nyingine, ndiyo inayowasumbua zaidi. Kwa hiyo udhaifu upo, ila huwezi kuagiza utokee upande wa dawa uliyo nayo kabatini.

Upande wa pili unanitia wasiwasi zaidi. Faji kama T4 humaliza kazi ndani ya kama nusu saa: protini zake hutoboa utando wa ndani, ukuta unayeyushwa, seli inapasuka. Nyingine haziui. Zinajichomeka kwenye DNA ya bakteria na kutulia, huku zikimvalisha sura mpya. Shigella flexneri, mmoja wa wasababishaji wa kuhara damu, amepata aina zake nyingi hivyo: jeni za faji huongeza glukosi au asetili kwenye sukari za juu ya utando, zilezile ambazo kingamwili huzitambua. Watengenezaji wa chanjo wanalijua vizuri tatizo hili, maana kinga dhidi ya aina moja huenda isiitambue nyingine.

Mimi bado naiunga mkono tiba hii, kwa sharti. Faji isomwe jenomu yote, yaani seti nzima ya jeni zake, kwanza, na yenye jeni za kujichomeka iachwe maabara. Kisha bakteria walionusurika ndani ya mgonjwa wapimwe upya dhidi ya kila dawa inayokusudiwa, wakati matibabu yakiendelea. Kipimo cha siku ya kwanza kinahusu utando ambao huenda haupo tena.